CA 15-3 imepanda. Je, dawa imegoma?

Ujumbe wa sauti uliingia saa tano usiku. Alikuwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanyamaza. "Kaka, namba imepanda. Ilikuwa 88, leo 131. Dripu mbili zimeshaingia na bado inapanda. Dawa imegoma. Tumhamishe mama?" Chini yake akatuma picha ya karatasi ya maabara ya mama mdogo, anayetibiwa saratani ya matiti iliyosambaa. Karatasi imekunjwa mara nne, kidole gumba kimeziba tarehe.

Hofu yake ilikuwa na chanzo. Mwaka 2025 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, ilitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa watapimwa damu ili kusaidia kuchagua dawa inayowafaa. Habari hiyo ilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp ilikuwa imeshatiwa chumvi: eti sasa kipimo kimoja cha damu kinakuambia kama dawa itafanya kazi au haitafanya. Mdogo wangu alisoma, akaitazama karatasi yake, akaunganisha mambo. Damu ni damu, kipimo ni kipimo.

Kumbe ni vipimo viwili tofauti, na kila kimoja kinatafuta kitu chake. Tuvichambue polepole, maana nimegundua kwamba hata sisi tunaojiona tumesoma huwa tunavichanganya.

Maswali matatu kwenye bomba moja la damu

Kiashiria, kwa lugha ya maabara, ni kitu kinachopimika mwilini kinachotoa habari ya jambo lisiloonekana kwa macho. Sukari kwenye damu ni kiashiria. Kwenye saratani, kiashiria kinaweza kuwa protini, seli nzima, kipande cha DNA, au hata uwiano tu wa seli za kawaida za kinga.

Kila kiashiria huulizwa moja ya maswali matatu. Saratani ipo? Ugonjwa utakwendaje? Na la tatu: dawa hii itamfaa mgonjwa huyu? Hili la tatu ndilo kila mtu analitaka, na ndilo lenye vipimo vichache vya kulijibu.

Tofauti ya swali la pili na la tatu ndiyo inayowapoteza watu. Chukua safari ya Liwale wakati wa masika. Mtu akikuambia barabara ni tope tupu, amekupa habari ya kweli: mtachelewa. Lakini hajakusaidia kuchagua chombo, maana basi litachelewa, lori litachelewa na bodaboda itachelewa. Akikuambia daraja limekatika ila pale mtoni kuna mtumbwi, hapo mambo yamebadilika. Anayeng'ang'ania gari atalala njiani, anayeshuka na kuvuka kwa mtumbwi atafika. Habari ya kwanza inahusu mwendo wa safari. Ya pili inahusu chombo.

Viashiria vingi vya damu vinavyotajwa kwenye saratani ya matiti ni vya tope. Vya daraja ni vichache sana.

CA 15-3: moshi wa jikoni kwa jirani

Namba ya mama mdogo ilikuwa ya CA 15-3. Hiki ni kipande cha protini iitwayo MUC1, inayokaa kwenye ngozi ya nje ya seli za titi na za viungo vingine kadhaa. Seli za saratani huitengeneza kwa wingi na kuibandua ovyo, na vipande vinaingia kwenye damu. Maabara nyingi huhesabu kwamba ikivuka kama uniti 30 kwa mililita, imepanda. Ndugu yake CA 27.29 anatoka kwenye protini hiyo hiyo. Mwingine anayeombwa pamoja naye ni CEA, aliyegunduliwa Montreal mwaka 1965 na watafiti waliokuwa wakichunguza saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo hata kwa asili yake si wa matiti.

Ukiona moshi unatoka jikoni kwa jirani unajua kuna moto. Hujui kama anapika pilau, anachoma takataka, au kuna kitu kinaungua. CA 15-3 ni moshi wa namna hiyo. Inaweza kupanda kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini, mwenye kifua kikuu, hata mwenye upungufu wa damu uletwao na ukosefu wa vitamini B12. Na upande wa pili, wanawake wengi wenye saratani ya matiti ya hatua za mwanzo CA 15-3 yao iko sawa kabisa. Mwanamke mwenye uvimbe kwenye titi anayeambiwa "damu yako ni nzuri, nenda nyumbani" amepewa jibu la swali ambalo hakuliuliza. Uvimbe unapimwa kwa picha na kwa kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe. Bomba la damu haliwezi kuufuta.

Kipimo hiki kina kazi yake pale saratani ilipokwisha kusambaa na mgonjwa yuko kwenye dawa. Daktari huangalia mwelekeo: namba inashuka mwezi kwa mwezi, au inapanda mara kadhaa mfululizo? Hata hapo, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kinaelekeza isitumike peke yake kubadilisha matibabu. Iende pamoja na picha na hali ya mgonjwa mwenyewe.

Na kuna jambo moja ambalo laiti mdogo wangu angeambiwa kabla hajaenda maabara, usiku ule tungelala. Katika wiki za kwanza za dawa mpya, hasa nne hadi sita, CA 15-3 inaweza kupanda kwa sababu dawa inafanya kazi. Seli zinapokufa kwa wingi zinapasuka, na vilivyokuwa ndani na juu yake vinamwagika kwenye damu. Ukiumwagia maji moto wa kuni, kwanza moshi unaongezeka. Mtu aliye nje ya ua atasema nyumba inaungua.

Asubuhi tulimpigia daktari wake. Namba hakuiuliza. Aliuliza: "Mgongo vipi?" Mama mdogo akachukua simu mwenyewe. "Nalala, daktari." Miezi miwili kabla alikuwa akilala ameketi, mkeka umetandikwa ukutani na mito miwili kiunoni, kwa sababu saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo na akijilaza chali hapumui kwa maumivu. Daktari akasema dripu ya tatu iingie kama ilivyopangwa, kisha picha zirudiwe. Kipimo kilichofuata kilisoma 70.

Tahadhari ndogo hapa, kwa sababu najua hadithi hii itasambazwa: si kila kupanda ni kwa heri. Namba ikipanda miezi mitatu mfululizo na maumivu yanarudi, hiyo si ishara ya dawa kufanya kazi. Na pima maabara ile ile kila mara. Mashine mbili tofauti zinaweza kukupa namba mbili tofauti kwa damu ile ile, na watu wakahama hospitali kwa tofauti ya mashine.

Seli tano

Mfano mzuri kuliko yote wa kiashiria kinachojua mabaya yanakuja lakini hakijui dawa ni hesabu ya seli za saratani zinazoelea kwenye damu. Unachukua mililita 7.5, kijiko cha chai kimoja na nusu. Ndani yake mna seli nyekundu zaidi ya bilioni 30. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wanawake wenye saratani iliyosambaa, ukipata seli za saratani 5 au zaidi katika ujazo huo, mwendo wa ugonjwa ni mbaya zaidi. Seli tano kati ya bilioni 30! Nikiwaza maabara ilivyoweza hilo bado nashangaa.

Basi wakaja na wazo ambalo hata mimi na wewe tungelitoa. Kama baada ya dripu ya kwanza seli bado ni 5 au zaidi, dawa haifai, tuibadilishe mapema. Jaribio likafanywa Marekani, likaitwa S0500, na majibu yakatolewa mwaka 2014. Utabiri wenyewe ulikuwa sahihi. Wanawake ambao seli zao zilikuwa chache tangu mwanzo waliishi kwa wastani wa kati miezi 35, ambao zilishuka baada ya dripu ya kwanza miezi 23, na ambao hazikushuka miezi 13. Lakini wale ambao hazikushuka walipogawanywa kwa kura, nusu wabadilishiwe dawa na nusu waendelee na ile ile, hakuna kundi lililoishi zaidi ya lingine.

Tope lilikuwa tope. Kubadili basi hakukusaidia.

Nawaomba watu wasome aya hiyo mara mbili, kwa sababu inagusa kitu tunachokiamini kwa dhati: kwamba kujua mapema lazima kusaidie. Kunasaidia pale tu kuna chombo kingine cha kupanda.

FBP na damu zetu

Kuna kiashiria cha bei ndogo ambacho pengine kimo kwenye faili lako sasa hivi. Kwenye karatasi ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, tafuta nutrofili na limfosaiti. Hizi ni aina mbili za seli nyeupe. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: nutrofili 4.2 kwa limfosaiti 1.4 ni 3. Tafiti nyingi zimeona kwamba uwiano mkubwa huambatana na mwendo mbaya wa saratani, matiti ikiwemo. Maelezo ni kwamba nutrofili nyingi ni dalili ya mwili ulio kwenye uchochezi, ile hali ya mwili kuwaka kama unapambana na jeraha au maambukizi, na limfosaiti ndizo askari wanaoitambua saratani.

Ila uwiano huu ni kigeugeu. Jipu, nimonia na mimba vyote huusukuma juu. Na ile dexamethasone anayopewa mgonjwa kabla ya dripu ili asitapike, yenyewe huongeza nutrofili kwenye damu na kupunguza limfosaiti. Ukipima siku moja baada ya dripu unapima dexamethasone.

Kubwa zaidi ni hili. Watu wengi wa Afrika kusini ya Sahara hawana alama iitwayo Duffy juu ya seli zao nyekundu. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya malaria ya aina ya vivax isipate nafasi kubwa kwetu. Pamoja na zawadi hiyo tumerithi jambo jingine: nutrofili zinazoonekana kwenye damu yetu huwa chache kuliko za Mzungu, bila ugonjwa wowote. Uboho uko salama na kinga iko salama, ila hesabu ya kwenye karatasi iko chini.

Sasa mipaka mingi inayosema uwiano fulani ni mkubwa au mdogo ilipimwa Ulaya, China na Marekani. Ukiileta hapa bila kuipima upya, unamvalisha mtu kanzu iliyokatwa kwa mwili wa mwingine. Na si suala la uwiano tu. Kila aliyepeleka mgonjwa kwenye kemo anaijua sentensi hii: "Damu haijafika, rudini wiki ijayo." Mara nyingi ni kweli, kemo imeziangusha seli na kuendelea ni hatari. Lakini kwa baadhi ya wanawake nutrofili 1.4 ndiyo kiwango chao tangu utotoni, na wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya mpaka wa 1.5. Kinachomsaidia daktari kutofautisha ni karatasi ya FBP ya kabla ya dripu ya kwanza. Itunzeni. Iwe ya mwaka jana, iwe ya kliniki ya wajawazito, itunzeni.

Kile kipimo cha Uingereza

Tuje kwenye vichache vya daraja. Seli zinapokufa, na zinakufa kila siku, hutupa vipande vya DNA kwenye damu. Hili lilionekana tangu mwaka 1948 na watafiti wawili wa Ufaransa. Seli za saratani nazo hutupa vyao, vikiwa na makosa yale yale ya jeni yaliyozifanya ziwe saratani, na hivyo ndivyo kipimo cha Uingereza kinavyovitafuta. Ni kama kupita sokoni jioni: kwa magamba ya samaki na maganda ya machungwa unajua leo kiliuzwa nini. Na ni leo kweli, kwa sababu mwili una wafagiaji wazuri, nusu ya vipande hivyo huondolewa ndani ya saa mbili hivi au chini ya hapo. Ndiyo maana damu ya leo inaweza kueleza saratani ya leo, wakati kinyama cha miaka mitatu nyuma kinaeleza ya miaka mitatu nyuma.

Saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni ya estrojeni. Vidonge kama letrozole na anastrozole huikata homoni hiyo, na ugonjwa unalala, mara nyingine kwa miaka. Kisha kwa baadhi ya wanawake jeni liitwalo ESR1 linabadilika, na kipokezi cha homoni, ile sehemu ya seli inayoipokea estrojeni, kinaanza kufanya kazi bila homoni. Ni taa ambayo fundi ameiunganisha waya moja kwa moja: ukizima swichi haizimiki. Kuendelea kumeza letrozole hapo ni kubonyeza swichi isiyo na kazi. Dawa inayofaa ni ya kukivunja kipokezi chenyewe. Hili ni daraja lililokatika, na mtumbwi upo. Elacestrant, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwezi Januari 2023, hutolewa kwa wale ambao damu yao imeonyesha badiliko hilo la ESR1. Kabla yake, mwaka 2019, alpelisib ilikuwa imepita kwa njia kama hiyo kwa badiliko la jeni jingine, PIK3CA.

Wafaransa walikwenda hatua moja mbele. Katika jaribio la PADA-1 waliwapima wanawake damu mara kwa mara, na badiliko la ESR1 lilipoanza kupanda kabla picha hazijaonyesha ugonjwa kukua, nusu yao wakabadilishiwa dawa papo hapo. Hao walikaa miezi 11.9 kwa wastani wa kati bila ugonjwa kukua, na walioachwa kwenye dawa ya awali miezi 5.7. Ni faida, tena imepatikana kwa kusoma damu. Lakini kukaa bila ugonjwa kukua si lazima kuwe ndiko kuishi zaidi, na madaktari wenyewe bado wanabishana juu ya hilo.

Damu hii nayo ina mtego. Kuna saratani zisizotupa vipande vingi. Majibu yakisema hakuna kilichoonekana, maana yake ni hiyo tu, hakikuonekana, na inabidi kurudi kwenye kinyama. Halafu kuna suala la mfuko. Kipimo cha kuchagua dawa kina maana pale dawa yenyewe inapatikana, na elacestrant si kitu cha kuingia duka la dawa la Kariakoo ukatoka nacho. Mtu anayekuuzia kipimo cha gharama cha DNA bila kukuambia utafanya nini na majibu, muulize hilo kwanza kabla hujafungua pochi.

BRCA nayo huanza na bomba la damu, ila inasoma jeni ulizozaliwa nazo, wala haitafuti saratani ndani ya damu. Ikiwa na kasoro, dawa kama olaparib zinaweza kukufaa, na dada zako wanapaswa kujua.

Kinyama

Nimeandika yote haya ya damu, na bado kipimo kinachotabiri dawa kuliko vyote katika saratani ya matiti hakimo kwenye damu. Kimo kwenye kinyama. Vipokezi vya homoni na protini iitwayo HER2 hupimwa kwenye kipande kilichotolewa kwenye uvimbe. Mvuvi huijua zana kwa samaki: dema kwa samaki wa miambani, jarife kwa papa. Mwenye vipokezi vya homoni, kidonge cha tamoxifen ambacho ni cha miaka mingi na bei yake si ya kutisha kinamfaa. Asiye navyo anameza bure. Mwenye HER2 nyingi anafaidika na trastuzumab, iliyoanza kuruhusiwa mwaka 1998. Asiye nayo haimsaidii.

Kwa nini basi watu wanakimbilia damu? Nadhani ni kwa sababu wanakiogopa kinyama. "Ukiichokoza inasambaa," tunaambiwa misibani. Wanaosema hivyo hawadanganyi kwa makusudi, wameona kwa macho. Wameona mtu akienda hospitali uvimbe ukiwa umeshapasuka, akachukuliwa kinyama, akafa baada ya miezi miwili. Sindano ikabeba lawama ya miaka miwili ya kuchelewa. Saratani iliyosambaa ilikuwa ikisambaa yenyewe siku zote zile.

Pale misibani ndipo hupatikana pia wauzaji wa dawa za kusafisha damu, wanaoahidi kushusha namba. Kupepea moshi.

Turudi kwa mama mdogo. Nilipokwenda kumwona nilimwomba mdogo wangu faili lote. Kulikuwa na karatasi nne za CA 15-3, zote zimelipiwa taslimu, stakabadhi zimebanwa kwa pini. Nyuma kabisa kulikuwa na majibu ya kinyama cha mwanzo, ya miezi minane iliyopita. Vipokezi vya homoni: hakuna. HER2: 2+. Hiyo 2+ maana yake haijulikani bado, kifanyike kipimo kingine cha kuthibitisha. Na kwa maandishi ya mkono, pembeni: "irudiwe". Hakuna aliyeirudia. Hakuna aliyeuliza, nasi tukiwa wa kwanza kutouliza, tulikuwa tunasubiri namba ya damu.

Kliniki iliyofuata mdogo wangu aliweka kidole kwenye lile neno. Daktari alilitazama kwa muda, akaandika fomu. Kinyama kilikuwa bado kipo stoo ya maabara, kipande kidogo ndani ya nta, kama tembe ya sabuni, namba ya mama mdogo imeandikwa ubavuni kwa kalamu ya risasi.